Hiyo si kozi ya kupika, buda

Kama umewahi kusafiri kutoka Mombasa ukiwa na pakiti ya krispi kwa begi, ukashuka hapa Nanyuki ukaipata imefura kama mpira, basi ushakutana na injinia wa chakula bila kujua. Pakiti haijaharibika. Ilifungwa kule chini ambako hewa ni nzito. Huku tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hivyo ile ya ndani inatanuka. Kuna mtu aliyekaa chini akapiga hesabu ni plastiki ya unene gani itavumilia safari hiyo bila kupasuka, na ni gesi gani iwekwe ndani ili mafuta yasichache. Huyo mtu analipwa. Na huyo mtu hakusomea upishi.

Naanza hapa kwa sababu wiki jana kijana mmoja wa mtaani kwetu Likii alinionyesha simu yake. KUCCPS wamempa nafasi Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, pale Nyeri, asomee sayansi na teknolojia ya chakula. Anataka kubadilisha. Nikamuuliza kwa nini.

"Maze, wasee watanicheka. Miaka minne ya kusomea kupika?"

Nilinyamaza. Ningemjibu nini, na maneno hayo hayo niliyasema mimi? Nilikuwa chuo fulani nikisomea uhandisi wa usindikaji wa chakula, nikaacha mwaka wa tatu. Karo ilikuwa shida, sitakudanganya, lakini karo peke yake haikunitoa. Iliyonitoa ni aibu ndogo ndogo. Kwenye ruracio ya binamu yangu mjomba aliniuliza mbele ya watu, "Sasa ukimaliza utafungua kibanda cha chapati?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Muhula uliofuata sikurudi.

Sasa acha nikuambie kilichofuata, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike hii.

Mwaka juzi mimi na rafiki yangu tuliamua kutengeneza krispi. Nanyuki hii, viazi si viko? Ukitoka hapa kwenda Timau unapita mashamba ya viazi, ngano na kanola mpaka macho yanachoka. Shosho alinipa elfu kumi na tano, pesa yake ya chama. Tukanunua magunia sita ya Shangi, karai kubwa, mafuta, na mashine ya mkono ya kukata. Mkupuo wa kwanza ulitoka dhahabu. Tuliuza pale steji, tukauza karibu na stesheni ya reli, zikaisha kabla ya jua kutua. Tukaanza kuongea kuhusu pikipiki ya kusambazia mzigo.

Shangi, kama umelelewa huku, unaijua tabia yake. Ni kiazi kitamu, kinaiva haraka, lakini hakilali. Ukiweka gunia kwa stoo, muda si muda kimeota macho. Tukajiona werevu. Mama mmoja anayeuzia mahoteli mboga ana chumba baridi, tukamlilia atupe kona. Viazi vyetu vikakaa humo wiki tatu, vigumu, safi, bila jicho hata moja. Tukajipongeza.

Tulipokaanga zile za chumba baridi, zilitoka kahawia. Si ile kahawia ya kupendeza, ni kahawia ya kijiti cha kiberiti, na chungu. Tukasema ni mafuta. Tukamwaga, tukanunua mengine. Bado. Tukasema ni karai, tukasugua mpaka ikang'aa. Bado. Tukapunguza moto, zikawa kahawia na pia laini. Magunia manne yakaishia kwa ng'ombe wa jirani, na elfu kumi na tano za Shosho zikaenda nayo.

Hapo ndipo nilimpigia simu dada mmoja tuliyekuwa darasa moja. Yeye hakuacha. Siku hizi yuko kwenye kiwanda cha maziwa, na mimi humwita Injinia, ingawa kwa sheria jina hilo si la kutupiana ovyo, nitakuja hapo.

"Viazi mliviweka wapi?" Hata hakuuliza kuhusu mafuta.

"Chumba baridi."

"Nyuzi ngapi?"

"Nne, tano hivi."

Akacheka mpaka nikakasirika. "Si mmetengeneza sukari, wewe!"

Kiazi kikikaa kwenye baridi kali, wanga wake unaanza kugeuka sukari. Ukikitia kwenye mafuta moto, sukari hiyo inakutana na viini vya protini vilivyo ndani ya kiazi, na hapo ndipo rangi na uchungu vinatoka. Na si rangi tu. Krispi iliyoungua hivyo huwa na akrilamidi nyingi zaidi, kemikali ambayo watafiti wa Uswidi waliiripoti kwenye vyakula vya wanga vilivyokaangwa na kuokwa mwaka wa 2002, na tangu hapo viwanda vikubwa vimekuwa vikiipima. Dawa yake? Hatukuhitaji hata kutupa viazi. Tungevitoa baridini, tukaviweka mahali penye nyuzi 15 hadi 20 kwa wiki mbili au tatu, sukari nyingi ingepungua yenyewe. Tungekata vipande viwili tukakaanga kujaribu. Hapo ungekuwa umemaliza.

"Hiyo tulifundishwa mwaka wa tatu, muhula wa pili," akaniambia. "Ulikuwa ushaenda."

Nimeibeba sentensi hiyo mpaka leo.

Kwa hivyo ukiniuliza injinia wa chakula hufanya nini, sitakupa maelezo ya brosha. Nitakuambia hivi: mkupuo wa kwanza mtu yeyote anaweza kuupatia. Shosho anaweza, mimi niliweza. Injinia ndiye anayehakikisha mkupuo wa pili unafanana na wa kwanza, na wa elfu mbili pia, wakati viazi vimetoka shamba lingine, mvua imenyesha, stima imepotea dakika kumi, na anayekaanga leo si yule wa jana. Anataka kujua kwa nini ilitokea vizuri, si kushukuru tu kwamba ilitokea.

Na huku kwetu mlimani kazi hiyo ina vituko vyake. Maji ya Nanyuki yanachemka kwa karibu nyuzi 93, si 100. Ndiyo maana githeri ya huku inakula makaa kuliko ya Mombasa, na si uchawi. Kuna mama mmoja sokoni alijaribu kutengeneza jemu ya stroberi akifuata video ya mtandaoni: chemsha mpaka kipimajoto kisome 105. Akachemsha, akachemsha, ikawa peremende. Aliyetengeneza video alikuwa karibu na usawa wa bahari. Huku jemu hiyo hiyo inaiva ikifika kama 98. Nyuzi saba tu, na ndoo nzima imekuwa kitu cha kuvunja meno. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu anayejua amekaa Nairobi anatafuta kazi ya bima.

Makosa mengine hayaishii kwa meno. Maziwa yakipita kwenye mashine ya kiwanda hupashwa moto nyuzi 72 kwa sekunde 15, au ukitumia njia ya polepole, nyuzi 63 kwa nusu saa. Ukipunguza, unaacha vijidudu hai. Githeri ya mkebe haiwezi kuchemshwa tu kwa sufuria ukafunga kifuniko ukaita siku, kwa sababu kuna vijidudu vinavyojificha kama mbegu na kuvumilia maji yanayochemka. Hiyo inataka mtambo wa presha unaofika nyuzi 121. Na usisahau mwaka wa 2004, sumu ya aflatoksini kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya iliua watu 125 Ukambani na sehemu jirani. Miaka kumi na mitano baadaye, Novemba 2019, KEBS ikapiga marufuku unga wa kampuni tano kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Sasa mwambie mjomba wangu hiyo ni kozi ya chapati.

Lakini nataka turudi kwa viazi, kwa sababu viazi ndivyo vinavyonikera zaidi.

Unakumbuka Januari 2022? KFC Kenya waliishiwa na vibanzi. Meli zimechelewa, korona imevuruga safari za mizigo, na Wakenya wakagundua kwamba vibanzi vilikuwa vinatoka ng'ambo. Mtandao uliwaka. Tukaitisha mgomo, tukaweka picha za magunia ya viazi vya Nyandarua na Meru, tukauliza kwani hawa watu hawaoni. Mimi pia nilitwiti, tena kwa hasira. Kampuni ikajibu kwamba kila anayewauzia lazima apite ukaguzi wao wa ubora wa kimataifa. Tukaona ni madharau.

Leo nikifikiria nacheka. Tulikuwa tunawaonyesha gunia, na wao hawakuwa wananunua gunia. Walikuwa wananunua kibanzi kilichochaguliwa kwa uzito wake, kikamenywa, kikakatwa kwa kipimo kimoja, kikapitishwa maji moto ili kuosha sukari, kikakaushwa, kikakaangwa nusu, kisha kikagandishwa haraka na kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sufuri mpaka kifike jikoni. Lazima kigande haraka, maana kikiganda polepole barafu inakuwa na chembe kubwa zinazochana kiazi ndani, ukikaanga unapata uji. Kati ya shamba la Timau na hiyo pakiti kuna kazi kama ya watu kumi waliosoma, na hao kumi ndio hatukuwa nao wa kutosha. Viazi ndilo zao letu la pili la chakula baada ya mahindi. Tunavyo mpaka vinaozea barabarani.

Na kinachoniuma zaidi, tulianza zamani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Karatina hapo chini, saa moja na kitu kutoka hapa, serikali ya mkoloni ilikuwa na kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya wanajeshi. Wakulima wa Nyeri wakalima, mboga zikakaushwa, zikatumwa vitani. Vita vikaisha, kiwanda kikafungwa.

Wakati huo huo, kule Idaho, Marekani, kulikuwa na jamaa anaitwa J.R. Simplot. Yeye pia alikuwa anakausha viazi na vitunguu kwa ajili ya wanajeshi. Vita ni vile vile, biashara ni ile ile. Tofauti ni kwamba Simplot alikuwa na mwanakemia, Ray Dunlap, na huyo Dunlap akaanza kuchezea friza. Miaka ya 1940 akapata njia ya kugandisha vibanzi vikabaki vibanzi. Miaka ya 1960 Simplot akakubaliana na Ray Kroc wa McDonald's, na mengine unayajua, ama unayala.

Sasa hapa ndipo nataka wale wenzangu tulioacha shule wanisikilize, hasa nyinyi mnaopenda kuweka picha za matajiri walioacha masomo na maneno ya kutiana moyo. Simplot aliacha shule akiwa na miaka 14. Ni kweli kabisa, nenda uweke picha yake. Lakini ukiiweka, weka na ya Dunlap. Sisi huwa tunasimulia nusu ya hadithi. Aliyeacha shule alifaulu kwa sababu alimwajiri asiyeacha, akampa friza na muda wa kuharibu viazi. Mimi niliacha shule na sikuwa na Dunlap, nilikuwa na karai na pesa za Shosho.

Najua utaniuliza kazi ziko wapi. Ni swali la haki na sitalikwepa. Kati ya niliosoma nao, wako walio viwandani, wako wanaouza bima, na mmoja ana duka la simu. Atachi nyingi ni kufagia sakafu na kuandika joto la mashine kwa kitabu, bila hata nauli. Viwanda vya eneo hili vinahesabika: KCC wako Kiganjo, wenzetu wa Meru wana maziwa yao ya Mount Kenya, kuna vinu vya unga, viwanda vya majani chai, kahawa ambayo nyingi yake bado inaondoka nchini ikiwa mbichi ili ikakaangwe kwa wengine. Haviwezi kuajiri kila mtu anayehitimu. Na anayekwambia kozi hii ni tiketi ya moja kwa moja anakuuzia kitu.

Ila angalia upande huu mwingine. Hapa Nanyuki pekee, hebu hesabu: wanaotengeneza yogati nyumbani, wanaouza asali, wa siagi ya njugu, wa pilipili ya chupa, wa krispi kama sisi, wa unga wa uji wenye mchanganyiko wa kila kitu mpaka unashindwa kujua ni uji ama dawa. Wote wamekwama mahali pamoja. Ladha iko, wateja wako, mahoteli ya watalii yako, lakini supamaketi inauliza alama ya KEBS, na KEBS wanauliza bidhaa hii inakaa siku ngapi na umejuaje. Yule wa yogati anasema wiki mbili kwa sababu ya kwake hukaa wiki mbili. Hiyo si jibu. Jibu ni mtu aliyeweka chupa kadhaa kwenye joto tofauti, akazifungua siku kwa siku, akapima uchachu, akahesabu vijidudu, akaandika. Kuunda bidhaa mpya ni hiyo kazi zaidi kuliko kubuni ladha ya embe na tangawizi.

Mtu kama huyo angeweza kuhudumia wafanyabiashara wadogo kumi wa mji huu, kila mmoja amlipe kidogo. Sisi tungemlipa. Tulimwaga mafuta mapya yenye bei kuliko saa moja ya ushauri wake. Hata KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, ina mitambo ambayo mfanyabiashara mdogo anaweza kujaribia bidhaa. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuwezi hata kuwaandikia barua ya kueleza tunataka kujaribu nini.

Kama umepata barua kama ya yule kijana, mambo mawili ambayo hakuna aliyeniambia mapema. La kwanza, sayansi ya chakula na uhandisi wa chakula ni ndugu lakini si mapacha. Mwanasayansi anakaa zaidi na kiazi chenyewe: sukari, vijidudu, ladha, usalama. Injinia anakaa na mtambo: joto linaingiaje, tangi la lita 500 litapoa kwa muda gani kama sufuria ya lita tano hupoa kwa saa moja, pampu gani, mvuke kiasi gani. Kwenye kiwanda kidogo utafanya zote mbili. Lakini Sheria ya Wahandisi ya 2011 haikuruhusu kujiita mhandisi mpaka uandikishwe na Bodi ya Wahandisi, EBK. Unaanza kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi miaka isiyopungua mitatu, ndipo unaomba kuwa mtaalamu kamili. Kwa hivyo kama lengo lako ni lile jina, waulize EBK kama kozi yako imeidhinishwa kabla hujalipa hata shilingi. Usiulize baada ya kuhitimu.

La pili, usisubiri mwaka wa nne kugusa mashine. Wenzangu waliofaulu ndio waliokuwa wanazurura kwa viwanda likizoni wakiuliza maswali mpaka wanakuwa kero. Dada yangu Injinia alipata kazi yake kwa sababu siku ya atachi aliona maziwa yanatoka kwenye mashine yakiwa baridi kuliko kawaida, akasema. Waliokuwa pale miaka kumi walikuwa wamezoea.

Deni la Shosho bado sijalimaliza, nimebaki na elfu sita. Yeye haliulizi, na hiyo ni mbaya zaidi. Mara ya mwisho alinikuta nikisoma madokezo ya zamani ya dada yule, niliyoomba anitumie, akaangalia michoro ya matangi na mishale, akasema kwa Kikuyu kwamba kumbe shuleni walikuwa wanafundisha kitu.

Na yule kijana wa Likii? Muda wa kubadilisha kozi bado haujaisha, kwa hivyo sikumhubiria. Jana nilimwita nyumbani. Nikapima lita 10 za maji kwa ndoo, nikakoroga kilo moja na robo ya chumvi, kama Injinia alivyonifunza kwa simu. Nikampa viazi saba vya Shangi kutoka gunia moja, vyote vinafanana kwa macho, nikamwambia atumbukize kimoja kimoja. Vitano vilizama. Viwili vikaelea juu kama bata.

Nikamwambia vile vinavyozama ndivyo vya krispi, vile viwili tutakula na mchuzi. Aliviangalia kwa muda, akakitoa kimoja kilichoelea, akakipima kwa mkono, akakirudisha. Kikaelea tena.

"Kwani ndani vina nini tofauti?" akauliza.